Wasini kuna bustani ya mawe, na wewe hujaiona

Najua ukisikia "Pwani" akili yako inaruka moja kwa moja hadi Diani: mchanga mweupe, ngamia wa kupigia picha, mnazi uliolala kama umechoka na maisha. Sina neno na Diani. Lakini ukiwa pale umebakisha safari ya saa moja na ushee kufika mahali ambapo bahari iliacha mifupa yake nje, na wengi wetu tunarudi Nairobi bila hata kujua tulikuwa karibu.

Mahali penyewe ni kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, huku chini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Nyuma ya kijiji, hatua chache kutoka kwenye nyumba za watu, kuna uwanja mpana uliojaa mawe ya kijivu yaliyosimama wima. Mengine ni marefu kukupita. Mengine yameliwa kiunoni na maji hadi yanafanana na uyoga, kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba, na unajiuliza kwa nini hayajaanguka. Juu yana ncha kali za kukata kiganja. Watu hupaita bustani ya matumbawe, ingawa utakachokuta ni jiwe, tope, mikoko, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanaokupungia halafu wanapotea shimoni kabla hujatoa simu mfukoni.

Unatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo. Chini yako, kutegemea saa uliyofika, kuna tope au kuna bahari. Nitarudi kwenye hilo la saa, maana hapo ndipo wengi huharibu safari.

Kwanza, haya mawe yalitoka wapi? Matumbawe ni wanyama. Najua ulifundishwa hivyo Form Two na ukasahau, lakini lishike tena. Ni mnyama mdogo, laini, anayechukua madini ya chokaa kutoka kwenye maji ya bahari na kujijengea nyumba ngumu. Akifa, nyumba inabaki, na mwingine anajenga juu yake. Wakifanya hivyo kwa maelfu ya miaka unapata mwamba mzima. Sasa, miaka kama 125,000 iliyopita, barafu nyingi za dunia zilikuwa zimeyeyuka na bahari ilikuwa mita kadhaa juu ya ilipo leo. Sehemu kubwa ya ukingo wa Pwani yetu ilikuwa chini ya maji, na matumbawe yalikuwa kazini. Kisha dunia ikapoa, barafu zikarudi, bahari ikashuka. Ilishuka hadi, miaka kama 20,000 iliyopita, maji yalikuwa zaidi ya mita 100 chini ya yalipo sasa. Mwamba ukabaki nchi kavu, unapigwa na jua na mvua. Maji ya mvua yana asidi kidogo, na asidi na chokaa hazikai nyumba moja: sehemu laini zikayeyuka, ngumu zikabaki. Bahari ilipopanda tena hadi kiwango tunachokijua, ikaanza kuutafuna mwamba ule kutoka chini, ikisaidiwa na konokono na vijidudu vinavyokwaruza jiwe kutafuta chakula. Ndiyo maana ya ile shingo nyembamba. Kila uyoga unaouona unaliwa bado, polepole, hata wakati unaupiga picha.

Ukienda Watamu utaona ndugu zake wamesimama katikati ya maji, visiwa vidogo vyenye kofia ya majani. Tofauti ya Wasini ni kwamba huku unaingia ndani ya shamba lenyewe. Hutazami kutoka ufukweni. Unapita kati ya mawe kama mtu anayepita kati ya watu wa matanga, kimya kimya, ukijipenyeza.

Na jiwe hili unalijua kuliko unavyodhani. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ni matumbawe. Nyumba za Gede zilizobaki magofu, nyumba za kale za Lamu, misikiti ya zamani kando ya Pwani yote: matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954 kikichimba mwamba wa aina hii, na mashimo yaliyobaki ndiyo yakaja kupandwa miti ikawa Haller Park. Kwa hivyo kuna uwezekano mzuri tu kwamba ukuta unaoegemea ukisoma hapa, huko Umoja au Kasarani, una kidogo cha bahari ya kale ndani yake. Hiyo stori huwa naiwaza nikilipa kodi ya nyumba.

Mlangoni nilikuta mama amekaa chini ya kivuli na kitabu cha risiti. Bustani hii inasimamiwa na kikundi cha wanawake wa kijiji. Wao ndio wanaokata tiketi, wanaokutembeza, na wanaoitunza njia ile ya mbao ambayo chumvi na jua vinaila kila siku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka Nairobi?"

"Umejuaje?"

"Viatu."

Nilikuwa na raba nyeupe. Sitaki tuongee zaidi kuhusu hizo raba.

Alinitembeza mwenyewe, taratibu, akisimama kila baada ya mawe mawili matatu. Mahali pamoja aliniambia niinamishe uso karibu na jiwe. Kwa mbali lilikuwa la kijivu tu, mwamba kama mwamba mwingine. Karibu, lilijaa vinyota vidogo vilivyopangwa kwa mistari, maelfu, kila kimoja kikiwa nyumba ya mnyama mmoja aliyekufa kabla hakujawa na mji wowote duniani. Jiwe la pili lilikuwa na mikunjo kama ubongo. Hapo ndipo ile hesabu ya miaka 125,000 ilipoacha kuwa namba kwangu. Ukifika, usikubali kupita haraka. Omba uonyeshwe nyota.

Akaniuliza nasoma wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Hakusema pole. Alisema pesa ya kiingilio hapa ndiyo wanayochanga kulipia watoto wa kijiji shule, na shida za hospitali, na kwamba mwezi ukiwa mbaya wanakaa chini wanaamua nani asubiri. Aliitamka "nani asubiri" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mimi namjua anayesubiri. Nimewahi kuwa yeye.

Sasa ndiyo uelewe kwa nini nakazania jambo moja. Watalii wengi wanaofika Wasini huja kwa safari ya siku moja iliyopangwa kutoka hotelini. Wanatolewa Diani alfajiri, wanapanda mashua Shimoni, wanapelekwa kutafuta pomboo na kuogelea katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, kisha wanaletwa kisiwani kula kaa na samaki. Wakishiba wanalala kwenye mikeka hadi mashua iite. Bustani iko umbali wa kutembea kwa dakika chache, na wengi hawaiendei. Tumbo limejaa, jua kali, na hakuna aliyewaambia ipo. Kwa hivyo boti inaweza kuleta watu 40 kisiwani na kitabu cha risiti cha yule mama kikabaki kilivyokuwa asubuhi. Mara ya mwisho nilipokwenda, kiingilio cha Mkenya kilikuwa pungufu ya bei ya kikombe kimoja cha kahawa kwenye zile kahawa zetu za mjini. Kama umenunua safari ya aina hiyo, kataa kulala. Inuka na uulize njia.

Jiwe lenyewe si rafiki wa watu wa hapa, hilo nalo ulijue. Mwamba wa matumbawe una matundu kama sifongo: mvua inanyesha na maji yanapotea chini. Mto hakuna, na ukichimba kisima unapata maji ya chumvi. Kwa miaka na miaka kisiwa kimeishi kwa kuvuna maji ya mvua kwenye majabia, yale matangi makubwa ya kujengwa, na kwa kuvusha mengine kutoka bara. Udongo ni mwembamba, kwa hivyo kilimo cha maana hakuna. Inabaki bahari, na wageni. Ukienda, beba maji yako ya kunywa na usifungue mfereji kama uko kwenu.

Kuna mmea mmoja hata hivyo ambao haujali hayo yote. Unaitwa mboga ya pwani, majani manene yaliyojaa maji, unaota kwenye tope la chumvi. Wanauchuma, wanauchemsha, unaletewa pembeni ya samaki na ndimu. Chumvi haitiwi, imekuja nayo. Mimi sio mtu wa mboga na nilimaliza sahani.

Sasa nikupeleke upande wa pili, maana nusu ya stori iko chini ya maji. Ukisimama mwisho wa ile njia ya mbao na kutazama baharini, kule mbele kuna matumbawe mengine, haya yakiwa hai. Ni jamaa ya yale ya vinyota uliyoyaona kwenye jiwe. Tofauti ni kwamba haya bado yanajenga, na yako mashakani.

Matumbawe hai hupata rangi na sehemu kubwa ya chakula kutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake. Maji yakipata joto kupita kiasi, hata kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, matumbawe huufukuza ule mwani. Yanabaki meupe pe. Joto likipungua mapema yanaweza kupona. Likikaa, yanakufa njaa. Mwaka wa 1998, mwaka wa El Niño, Pwani ya Kenya ilipoteza matumbawe mengi sana kwa namna hiyo. 2016 yakapauka tena. 2024 ikawa zamu ya bahari karibu zote za dunia. Nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo inazidi kuwa fupi, na matumbawe hukua polepole, aina nyingi sentimita moja au mbili tu kwa mwaka.

Kwa hivyo pale mwishoni mwa mbao unasimama kati ya mwamba uliokufa kwa sababu bahari iliondoka, na mwamba unaokufa kwa sababu bahari imepata joto. Wa kwanza hakuna mtu aliyehusika. Wa pili, mimi na wewe tulikuja na treni ya dizeli kuutazama.

Wasini hawajakaa kungoja. Wavuvi na vijana wa kisiwa, kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo, na wakisaidiwa na wanasayansi wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari, wamekuwa wakipanda matumbawe upya. Unachukua kipande kilichokatika lakini kingali hai, unakifunga au kukigandisha kwenye jiwe au umbo la saruji lililozamishwa, na unakingoja kishike. Ni kazi ya kupiga mbizi, ya mikono, ya kurudi tena na tena kusafisha mwani usije ukakifunika. Wametenga pia sehemu ya bahari ambako hawavui. Fikiria hilo vizuri: kijiji kinachokula kutokana na kuvua, kinakubaliana kutovua mahali fulani ili samaki wapate pa kuzalia. Kuna watu wa rika langu pale wanaojua majina ya matumbawe kuliko ninavyojua majina ya wasanii wa gengetone.

Haya, saa. Hii ndiyo sehemu ya kuweka kwenye simu yako. Maji ya Pwani yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu hadi nne. Hiyo ni kimo cha nyumba. Siku za bamvua, maji huwa yamekupwa kabisa mwendo wa saa nne au tano asubuhi, na hujaa mwendo wa saa kumi jioni. Ukifika asubuhi hiyo utaona mawe yote hadi miguuni, shingo zilizoliwa, kaa na gando zao. Ukibaki hadi alasiri utaona maji yakiingia bustanini bila kelele, yakizunguka jiwe moja moja, hadi ile njia ya mbao inakuwa daraja. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mmoja na mwingine, hutaona mabadiliko makubwa hivyo. Angalia mwezi kabla hujakata tiketi ya treni. Sijui kwa nini tunaangalia hali ya hewa na hatuangalii mwezi.

Njia ni hii. SGR inakushusha Miritini. Kutoka mjini Mombasa unavuka Likoni, na kwa miguu kivuko ni bure. Upande wa pili tafuta matatu ya Lunga Lunga na umwambie kondakta akushushe njia panda ya Shimoni; kutoka pale boda au matatu ndogo inakumalizia kama kilomita 15 hadi baharini. Ukiwa Shimoni na una dakika 30, ingia kwenye mapango yaliyoupa mji jina. Wazee wa pale wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja kuvushwa. Ni mwamba ule ule wa matumbawe, na ukishausikia ubaridi wake ndani hutautazama wa Wasini kwa macho ya picha tu.

Gatini utazingirwa na wenye mashua. Kuna ya kukodi na kuna ya abiria, ile wanayopanda wenyeji na magunia yao ya unga. Panda ya abiria. Inangoja ijae, kwa hivyo usiwe na haraka, lakini doo yako itabaki mfukoni, na stori utakazozisikia ndani hazina bei. Wenyeji wengi ni Wavumba, Waswahili wa huku kusini, na Kiswahili chao kina mwendo wake. Sisi wa Sheng tunapigwa chenga, ni sawa.

Kisiwani hakuna magari. Ni kijiji cha Waislamu, kwa hivyo funika mabega na magoti ukipita kati ya nyumba, mvulana na msichana wote. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Pombe iache bara. Na kwenye bustani yenyewe usipande juu ya mawe. Nimeona video za watu wamesimama juu ya kichwa cha uyoga, mikono juu, muziki nyuma. Ile shingo imechukua maelfu ya miaka kuwa nyembamba hivyo, na wewe na uzito wako mnataka kuijaribu kwa sekunde 15 za video? Usivunje kipande cha kubeba. Usichonge jina la mpenzi. Mtaachana na jiwe litabaki nalo.

Vaa kiatu chenye soli ngumu, kisicho cheupe. Beba pesa taslimu kidogo mbali na M-Pesa, kwa sababu mtandao una tabia zake. Na ukishavuka tu, kabla ya chochote kingine, uliza mashua ya mwisho ya abiria kurudi Shimoni inaondoka saa ngapi. Ukiikosa itabidi ukodi, na wakati huo hutakuwa na nguvu ya kubishania bei.